Aliyeandikwa hakuwapo, aliyekuwapo hakuandikwa

Mrusha mpira aliyefunzwa Tibet, kiazi kilichoingia uwanjani na mpira uliopigwa leo ukadakwa kesho. Nyuma ya vichekesho vya besiboli ya Marekani kuna swali la nani alishika kalamu.

Toleo la jarida la Sports Illustrated la tarehe 1 Aprili 1985 lilileta habari ya kijana aitwaye Sidd Finch. Ilielezwa kwamba alilelewa katika nyumba ya yatima Uingereza, akaenda Tibet kujifunza yoga, akapitia Chuo Kikuu cha Harvard bila kumaliza, na sasa alikuwa amejificha katika kambi ya mazoezi ya New York Mets mjini St. Petersburg, Florida. Mguu mmoja alivaa buti la kupandia milima, mwingine aliuacha peku. Alipuliza ala ya orkestra kama aliyezaliwa nayo, na alikuwa bado hajaamua kama maisha yake ayape muziki au mpira.

Yote hayo mtu angeweza kuyapita. Kilichowakalisha wasomaji kitako ni namba moja: Finch alirusha mpira kwa kasi ya maili 168 kwa saa, sawa na kilomita 270.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mrushaji husimama kama meta 18 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Mpira wa maili 95 kwa saa humpa mpigaji muda wa sekunde 0.4 hivi kuuona, kuamua na kuzungusha gongo. Mpira wa Finch ungempa robo sekunde. Miaka ile mrushaji aliyefika maili 100 alizungumzwa nchi nzima, na hata rekodi ya leo, ya Aroldis Chapman wa Cuba aliyoiweka mwaka 2010, haijavuka maili 106. Finch hakuwa ameivunja rekodi. Alikuwa ameiacha huko nyuma, haionekani hata vumbi lake.

Mwandishi wa habari hiyo, George Plimpton, hakuwa mtu wa hovyo. Alikuwa mhariri wa jarida la fasihi la The Paris Review, na umaarufu wake ulitokana na tabia ya kuingia mwenyewe uwanjani ili aandike alichokiona. Kitabu chake cha mwaka 1961 kinasimulia jinsi alivyosimama kuwarushia mipira mastaa wa besiboli katika Yankee Stadium, akahemewa kabla kazi haijaisha. Mtu kama huyo akikuambia ameona mrushaji wa ajabu, unaanzia wapi kumkatalia?

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Plimpton aliirefusha kwa kuipanda kweli kila hatua. Kambi ilikuwa ya kweli. Klabu ilikuwa ya kweli, nayo iliambiwa mpango mapema ikakubali kushiriki. Kocha wa warushaji, Mel Stottlemyre, alipigwa picha akizungumza na "Finch" huku uso wake ukiwa na uzito wa mtu aliye kazini. Aliyejifanya Finch alikuwa Joe Berton, mwalimu wa sanaa kutoka jimbo la Illinois na rafiki wa mpiga picha Lane Stewart. Uongo katika habari nzima ulikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alizungukwa na mashahidi.

Hata hivyo Plimpton aliacha mlango wazi. Tarehe ilikuwa Siku ya Wajinga. Zaidi ya hapo, herufi za kwanza za maneno yaliyokuwa chini ya kichwa cha habari, ukizishika moja moja, zilikutakia heri ya siku hiyo kisha zikaungama kwamba habari ni uzushi. Watu walisoma maneno, hawakusoma herufi. Gazeti la pale pale St. Petersburg lilimtuma mwandishi kambini kumtafuta kijana. Mashabiki wa Mets, waliokuwa wamekaa bila taji la dunia tangu mwaka 1969, walianza kupiga hesabu za ubingwa. Wiki iliyofuata jarida likatangaza kwamba Finch ameacha mchezo. Toleo la tarehe 15 Aprili likakiri kuwa alikuwa chai mwanzo hadi mwisho.

Mwaka uliofuata Mets walitwaa ubingwa kweli, bila Finch. Naye Finch hakufa: Plimpton alimtungia riwaya nzima iliyotoka mwaka 1987.

Mchezo wa makarani

Kwa nini mtego huu ulinasa vizuri hivyo katika besiboli? Jibu liko kwenye daftari. Besiboli ni mchezo wa makarani. Kila mpira uliorushwa, uliopigwa, uliokoswa na uliodakwa huandikwa, na jedwali la mechi huchapishwa magazetini kiasi kwamba shabiki wa leo anaweza kuisoma mechi iliyochezwa kabla babu yake hajazaliwa. Anayesifiwa zaidi kwa kuueneza utaratibu huo ni Henry Chadwick, mwandishi mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani utotoni katika karne ya 19. Shabiki wa besiboli akiona namba, husogeza kiti. Ndiyo maana mzushi wa besiboli haanzi na "palikuwa na mtu mwenye nguvu sana". Anaanza na 168.

Mchezo wenyewe ulipotafutiwa cheti cha kuzaliwa, kilichopatikana kilikuwa cha kughushi. Chadwick alishikilia kwamba besiboli ilichipuka kutoka katika michezo ya watoto wa Uingereza. Maneno hayo yalimkera A. G. Spalding, mrushaji wa zamani aliyetajirika kwa kuuza vifaa vya michezo, aliyetaka mchezo wa Marekani uwe na baba Mmarekani. Mwaka 1905 ikaundwa tume. Mzee mmoja, Abner Graves, akaiandikia kwamba mchezo ulibuniwa na Abner Doubleday katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York. Mwishoni mwa 1907 tume ikatamka kwamba ndivyo, na kwamba mwaka ulikuwa 1839.

Doubleday alikuwa jenerali wa heshima katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, shujaa anayefaa kabisa kuwa baba wa kitu. Tatizo ni kwamba mwaka 1839 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, na hadi anakufa mwaka 1893 hakuwahi kudai kwamba alibuni mchezo wowote. Wanahistoria wameshaitupa hadithi hiyo siku nyingi. Lakini Jumba la Mashujaa wa Besiboli lilikuwa limeshajengwa Cooperstown, likafunguliwa mwaka 1939 kuadhimisha miaka 100 ya tukio ambalo halikutokea. Lipo hapo hadi leo, na watalii wanaendelea kumiminika. Utamu zaidi ni huu: Doubleday, anayedaiwa kuwa baba wa mchezo, hakuwahi kuingizwa katika jumba hilo. Chadwick, aliyeonekana mkorofi kwa kusema kweli, aliingizwa mwaka 1938.

Daftari nalo lilikuwa na mzimu wake. Kwa miongo kadhaa vitabu vya takwimu vilimworodhesha Lou Proctor, aliyecheza mechi moja tu mwaka 1912 katika timu ya St. Louis Browns. Inasimuliwa kwamba Proctor alikuwa fundi wa simu za maandishi aliyekuwa akituma matokeo magazetini, siku moja akajipachika jina lake kwenye orodha ili naye aonekane amecheza ligi kuu. Iwe ni hila ya fundi au makosa ya uchapaji, watafiti walilifuta jina hilo katika miaka ya 1980. Kwa muda wote huo, mtu ambaye hakukanyaga uwanja alikuwa na haki zote za kumbukumbu.

Balungi kutoka mbinguni, kiazi kutoka jikoni

Upande wa pili wapo watani waliokanyaga uwanja kwa miguu yao, na visa vyao vina ushahidi.

Mwaka 1908 Gabby Street, mdakaji, yaani anayekaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji, aliudaka mpira uliodondoshwa kutoka juu ya mnara wa Washington, wenye urefu wa meta 169. Kelele za tukio hilo zilimkaa rohoni Wilbert Robinson, kocha wa Brooklyn, aliyekuwa mdakaji enzi za ujana wake. Machi 1915, timu ikiwa mazoezini Daytona Beach, Florida, Robinson aliyeshapita miaka 50 na kunenepa alitangaza kwamba yeye ataudaka mpira utakaodondoshwa kutoka kwenye ndege. Rubani alikuwa Ruth Law, mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha ndege Marekani.

Ndege ikapita, kitu kikashuka, Robinson akaweka glavu. Kishindo, maji, vitu vyekundu kifuani. Mzee akaanguka chali akipiga mayowe kwamba amepasuka na damu inamwisha. Wachezaji walipomkaribia wakakuta amelowa balungi. Law alieleza baadaye kwamba mpira aliusahau, akachukua tunda lililokuwa karibu. Wengine wakamtaja Casey Stengel, mtani mkubwa wa timu hiyo, kuwa ndiye aliyepika mpango. Stengel mwenyewe aliisimulia hadithi hiyo kwa namna nyingi kiasi kwamba kumwamini au kutomwamini hakukusaidii kitu.

Kiazi kilikuja baadaye. Tarehe 31 Agosti 1987, mjini Williamsport, Pennsylvania, Dave Bresnahan alikuwa mdakaji wa timu ndogo ya Williamsport Bills, ngazi mbili chini ya ligi kuu. Msimu ulikuwa unaisha, timu yake haikuwa na cha kugombea, naye alikuwa anapiga vibaya: wastani wa 0.149, yaani kufaulu mara 149 kwa kila majaribio 1,000. Alijua kazi hiyo haitampeleka mbali.

Nyumbani akamenya kiazi ulaya, akakichonga kikawa duara. Mechi ikiendelea, mpinzani mmoja akiwa amesimama kituo cha tatu, hatua moja kabla ya kufunga pointi, Bresnahan alimwambia mwamuzi kwamba glavu yake imeharibika, akaenda kuchukua nyingine. Ndani ya hiyo nyingine kulikuwa na kiazi. Mpira wa mrushaji ulipotua mikononi mwake, alikirusha kiazi kuelekea kituo cha tatu, kikapita juu ya kichwa cha mwenzake na kutokomea majanini. Mkimbiaji wa upande wa pili, kwa furaha yote, akatembea hadi kituo cha nyumbani, pale anapokaa mdakaji, ili afunge pointi. Akamkuta Bresnahan anamsubiri na mpira halisi, akaguswa nao. Umetoka, ndugu.

Mwamuzi hakucheka. Pointi akaihesabu. Kocha akamtoa Bresnahan na kumtoza faini ya dola 50, na kesho yake Cleveland, klabu kubwa iliyoimiliki mikataba ya wachezaji hao, ikamfukuza kazi. Inasemekana badala ya fedha alimwachia kocha viazi 50 ofisini. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1988 timu hiyo hiyo ilifanya sherehe ya kuistaafisha jezi yake namba 59, heshima wanayopewa magwiji, na mashabiki waliokuja na kiazi mkononi walipunguziwa kiingilio. Katika ukoo wake tayari kulikuwa na gwiji mmoja, Roger Bresnahan, aliye katika Jumba la Mashujaa. Wajukuu wengi hujitahidi kufika kwa njia ya gongo. Huyu alifika jirani kwa njia ya kiazi.

Williamsport si jina geni kwa wapenzi wa besiboli wa Afrika Mashariki. Ng'ambo ya mto, South Williamsport, hufanyika kila Agosti mashindano ya dunia ya watoto. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, waliweka historia kuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, wakawafunga wenzao wa Oregon pointi 3 kwa 2. Mwaka mmoja nyuma timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu lakini ikakwama kwa viza. Timu iliyofuzu lakini haikucheza: ukimsimulia mgeni bila kumweleza habari za viza, atadhani unampiga kamba.

Utani una mwenyewe anayeumia

Si kila kicheko ni cha kushangilia. Julai 1911 mkulima wa Kansas, Charles Faust, alimfuata kocha John McGraw wa New York Giants mjini St. Louis. Akamwambia mtabiri amemhakikishia kwamba akiwarushia Giants mpira, watakuwa mabingwa. Wanaolijua soka letu hawatashangaa kwamba kocha hakumfukuza. McGraw alimpa nafasi ya majaribio, akaona mpira unakuja polepole mno, na bado akamweka karibu na timu kama hirizi. Wachezaji wakamfanya mchezo: wakampigisha mbio kuzunguka vituo akiwa na suti yake nzuri, aserereke kwenye vumbi, watu wavunjike mbavu.

Giants wakashinda. Wakaendelea kushinda. Walipokwisha kulitwaa taji la ligi yao, McGraw alimwingiza Faust katika mechi mbili za Oktoba, na jina lake likaingia vitabuni kihalali. Utabiri ukatimia. Lakini Faust aliuamini utani waliomfanyia wenzake. Aliendelea kudai nafasi hata pale walipomchoka. Alifariki mwaka 1915 kwa kifua kikuu, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili jimboni Washington.

Miaka 40 baadaye ikawa zamu ya Eddie Gaedel. Bill Veeck, mmiliki wa St. Louis Browns, alikuwa na timu mbovu na viti vitupu. Tarehe 19 Agosti 1951 alimtoa uwanjani kama mpigaji mtu mwenye urefu wa sentimeta 109, jezi ikiwa na namba ⅛ mgongoni. Mwamuzi akadai maelezo, kocha akatoa mkataba mfukoni, uliosainiwa na kusajiliwa. Hakukuwa na kanuni ya kumzuia. Bob Cain, mrushaji wa Detroit, alitakiwa kupitisha mpira katika eneo lililopimwa kwa mwili wa mpigaji, kuanzia magotini hadi usawa wa kifua. Kwa Gaedel eneo hilo lilikuwa dogo kama kitabu. Mipira minne ikapita juu, na kwa kanuni Gaedel akaenda kituo cha kwanza bila kupiga, akabadilishwa huku akishangiliwa. Veeck alipenda kusimulia kwamba alikuwa amemtisha: ukithubutu kuzungusha gongo, kuna mdunguzi juu ya paa.

Siku ya pili mkuu wa ligi aliufuta mkataba. Simulizi nyingi huishia hapo, watu wacheke waende zao. Gaedel alifariki mwaka 1961, akiwa na miaka 36, baada ya kupigwa. Katika watu wote wa besiboli, aliyefika kwenye mazishi yake ni mmoja: Bob Cain, yule mrushaji aliyeshindwa kumpata.

Mbuzi aliyekula Biblia

Veeck huyu huyu alishtakiwa kwa uzushi pale ambapo alikuwa akisema kweli. Mwaka 1948, akimiliki Cleveland Indians, alimsajili Satchel Paige siku ambayo mrushaji huyo alitimiza miaka 42. Mhariri wa jarida kubwa la besiboli, The Sporting News, aliandika kwamba Veeck anaudhalilisha mchezo ili auze tiketi. Paige akashinda mechi sita na kupoteza moja. Cleveland wakatwaa ubingwa wa dunia.

Kwa nini mrushaji wa kiwango hicho aliingia ligi kuu akiwa na miaka 42? Kwa sababu alikuwa mweusi. Tangu miaka ya 1880 wamiliki wa timu walikuwa na mwafaka usioandikwa wa kutosajili weusi, mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Wachezaji weusi waliunda ligi zao, wakazunguka kwa mabasi, wakacheza mechi mbili hata tatu kwa siku. Makarani wa magazeti makubwa hawakuwapo.

Hapo ndipo hadithi zilipochukua kazi ya daftari. Paige alipoulizwa umri, alijibu kwamba tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa kwenye Biblia ya familia, na Biblia ililiwa na mbuzi. Inasimuliwa kwamba katika mechi za maonyesho aliwaita wenzake wa nyuma waje wakae chini, akawamaliza wapigaji watatu peke yake. Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, Kansas City Athletics walimweka kwenye kiti cha kubembea kando ya uwanja, na muuguzi pembeni. Ulikuwa mzaha wa kuvutia watazamaji. Paige akainuka kwenye kiti, akarusha awamu tatu dhidi ya Boston, hawakupata pointi hata moja.

Rafiki yake James Bell, aliyejulikana kama Cool Papa, Paige alimpamba kwa sifa moja isiyosahaulika: alikuwa na mbio kiasi kwamba akizima taa, anafika kitandani kabla chumba hakijaingia giza. Miaka mingi baadaye Bell alifichua kwamba jambo hilo lilitokea kweli. Walikuwa wamepanga chumba chenye swichi mbovu. Ukiibonyeza, taa ilichelewa kidogo kuzimika. Bell aligundua kwanza, akamngoja Paige, akaweka naye dau, akazima na kupanda kitandani taratibu. Lisemwalo lipo.

Kisha yuko Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Wanasema siku moja Pittsburgh aliupiga mpira ukapaa, ukapotea mawinguni, haukurudi. Kesho yake timu ikiwa Philadelphia, mpira ukadondoka kutoka angani, mchezaji wa upande wa pili akaudaka. Mwamuzi akamgeukia Gibson: umetolewa, jana, Pittsburgh.

Aliyekulia kwenye vijiwe vya kahawa vya Afrika Mashariki anamjua ndugu yake Gibson: yule mshambuliaji wa zamani aliyefungwa kitambaa cheusi mguuni kwa sababu shuti la mguu huo liliwahi kumuua kipa. Kila mji una wake, na hakuna mkanda wa video wa kumthibitisha. Mahali ambapo kamera haikufika, shabiki hana rekodi ya kuonyesha. Ana mdomo, na mdomo unalazimika kutia chumvi ili ladha ifike kwa ambao hawakuwapo.

Linganisha na Babe Ruth, nyota mzungu wa New York Yankees. Tarehe 1 Oktoba 1932, katika fainali pale Wrigley Field, Chicago, Ruth alinyoosha mkono kisha akaupiga mpira wa mrushaji Charlie Root ukavuka uzio wa katikati. Je, alikuwa anaonyesha mahali atakapoupeleka, au alikuwa akijibizana na wapinzani wake wa Chicago Cubs waliokuwa wakimzomea? Root alikana hadi kufa, akisema angeonyeshwa hivyo angemlenga Ruth mwenyewe. Karibu watu 50,000 walikuwapo, waandishi walijaa, hata filamu za mashabiki zipo, na bado mjadala haujafungwa. Kidole cha Ruth kimeandikiwa kurasa nyingi kuliko misimu mizima ya Gibson.

Vitabu vinafika kwa kuchelewa

Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kufungua mlango. Mwaka 1972 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa, na kibao chake kinasema alivusha uzio mipira karibu 800 katika ligi na mechi za nje ya ligi. Takwimu rasmi za sasa, zinazohesabu mechi za ligi tu, hazifiki 200. Mpenda kusahihisha anaweza kuziita mia sita zinazobaki chumvi. Lakini msimu wa ligi hizo ulikuwa mfupi, na mechi nyingi alizocheza Gibson zilikuwa za vijijini na mijini, dhidi ya yeyote aliyejitokeza. Mipira hiyo ilivuka uzio. Karani ndiye hakuwapo.

Kwa miongo kadhaa watafiti walifukua magazeti ya Wamarekani weusi, kama vile Pittsburgh Courier na Chicago Defender, wakikusanya majedwali ya mechi moja baada ya nyingine. Desemba 2020 uongozi wa besiboli ya Marekani ulizitambua ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu. Mwishoni mwa Mei 2024 takwimu zao zikaunganishwa na za wengine. Gibson, kwa wastani wa 0.372, akampita Ty Cobb mwenye 0.367 aliyekaa kileleni muda mrefu. Mtu aliyeitwa hadithi alikuwa ndiye mpigaji bora katika vitabu vyote.

Ukiziweka kamba hizi mezani pamoja, hazifanani. Ya Plimpton ilikuwa mchezo wa haki: iliacha ufunguo mlangoni, na aliyeingizwa mkenge alicheka wa mwisho bila kudhurika. Ya Doubleday ilikuwa ya wenye nguvu, ikajengewa jumba. Ya Faust ililipiwa na Faust. Zile za Paige, Bell na Gibson zilitungwa na watu walionyimwa daftari, nazo zikafanya kazi ambayo hakuna kitabu kilichokubali kuifanya: zilihifadhi majina yao hadharani, barabarani na vinyozini, kizazi kwa kizazi. Watafiti hawakuanza na takwimu, kwa sababu takwimu hazikuwapo. Walianza na majina, na majina waliyakuta kwenye masimulizi.